Dirisha Jipya, Nyumba Ileile

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft ilipofunga rasmi huduma za Windows 10, simu yangu haijapumzika. Leo anapiga mwenye duka la vipuri Ngamiani, kesho mhasibu wa shule, keshokutwa katibu wa chama cha kuweka na kukopa. Maneno ni yaleyale: tumenunua kompyuta mpya, tumehamishia programu yetu ya siku zote, imegoma. Kioo kinasema programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako, basi, hakuna zaidi.

Habari hiyo ikishatoka ofisini na kufika kwenye mabenchi ya kahawa, inakuwa nyingine kabisa. "Wanabadilisha mfumo" maana yake inakuwa "hela zetu ndiyo basi". Jioni moja hapa Tanga mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu, kashata mkononi: "Kijana, hisa zangu zimo kwenye ile kompyuta ya kioo cheusi. Wakiitupa ile, hisa zinakwenda wapi?"

Mameneja kadhaa wamewahi kuniita mezani kwao, na sikumbuki hata mmoja aliyeuliza swali zuri kama hilo. Wao huuliza rangi ya vitufe. Nilimjibu mzee kwa kifupi kwa sababu kahawa ilikuwa inapoa. Hapa nitamjibu kwa urefu.

Shida inaanzia kwenye neno "mfumo". Tunalitumia kwa kila kitu. Benki wakisema mfumo uko chini, hospitali wakisema mfumo haujarudisha jibu, hatujui kama kilichogoma ni waya, kompyuta, au binadamu aliyeenda kula. Programu ya ofisi inayotunza kumbukumbu ina vitu vitatu ndani yake, na ukivitenganisha vitatu hivyo nusu ya mkanganyiko unaisha hapohapo.

Chukua kipande cha mashamba ya mkonge. Wenye wazee waliofanya kazi kwenye mkonge zama za mkoloni wanakijua. Kilikuwa kadi ya karatasi yenye nafasi za siku 30. Ukimaliza kazi ya siku, inawekwa alama. Siku zikitimia, unalipwa. Kadi moja ya mtu mmoja, hiyo ndiyo rekodi. Kadi zote zikipangwa kwenye droo kwa utaratibu, kiasi kwamba karani anaipata ya fulani bila kupekua zote, umepata kanzidata. Kanzidata ni hilo tu, taarifa zilizopangwa ili zipatikane. Haihitaji umeme.

Kitu cha pili ni kanuni. Kwamba alama haiwekwi kama kazi haikumalizika, kwamba hulipwi mpaka siku zitimie. Kanuni hiyo huioni ukitazama kadi. Imo kichwani mwa karani na mwa msimamizi wake.

Cha tatu ni sura: dirisha ambalo karani amekaa nyuma yake, foleni mnayopanga, kalamu anayotumia. Ukimhamisha karani kutoka dirisha la mbao kwenda la kioo, siku zako za kazi hazijapungua. Na ukibadilisha kanuni kimyakimya, dirisha linaweza kubaki lilelile la mbao huku wewe umeibiwa.

Kwa hiyo, mzee wangu, hisa zako zimo kwenye kitu cha kwanza. Kile kioo cheusi ni kitu cha tatu.

Kioo hicho kina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kijana mmoja Mmarekani aitwaye Wayne Ratliff, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya vyombo vya anga huko California, alitaka kompyuta imsaidie kwenye mchezo wa ofisini wa kubahatisha matokeo ya mpira wa Kimarekani. Akaandika programu ya kutunza takwimu, akaiita Vulcan. Kampuni ya Ashton-Tate ikaichukua na kuiuza kwa jina la dBASE II. Usitafute dBASE I, haikuwahi kuwepo. Waliona tu kwamba namba mbili inaonyesha bidhaa iliyokomaa. Ndugu zake wakafuata: Clipper mwaka 1985, kisha FoxPro. Zote zilihifadhi taarifa kwenye faili la aina moja, lenye mkia wa DBF, na faili hilo ndilo mhimili wa hadithi hii yote.

Huku kwetu kompyuta zilichelewa kwa sababu zetu wenyewe. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Masharti yalipokuja kulegea, ofisi nyingi zilizonunua kompyuta zao za kwanza ziliingia moja kwa moja kwenye zama za kioo cheusi: mistari 25 kwenda chini, herufi 80 kwenda pembeni, hakuna picha, hakuna kipanya. Fundi akaja na Clipper au FoxPro, akaandika programu ya mishahara, ya stoo, ya michango, akalipwa, akaondoka. Programu ikabaki. Nimekutana na zinazofanya kazi mpaka leo, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko karani anayezitumia.

Nimesema zinafanya kazi, na hapo ndipo panapozuka uongo wa kwanza wa mabenchini: kwamba kitu cheusi cha zamani lazima kiwe kibovu. Si kweli. Programu hizo ni nyepesi, zinafunguka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, na hazikuombi masasisho katikati ya foleni. Zikigoma leo, kilichobadilika ni nyumba zilimokuwa zinaishi. Ziliandikwa kwa lugha ya mashine ya MS-DOS, mfumo wa Microsoft wa kabla ya Windows, lugha ya biti 16, yaani ya mashine zilizochakata taarifa kwa vipande vidogo kuliko za leo. Kwa miaka mingi Windows ilikuwa na mkalimani ndani yake anayeielewa lugha hiyo. Windows za biti 64 hazina mkalimani huyo, na Windows 11 inatoka kwa biti 64 tu. Umempeleka babu ofisini, yule karani aliyekuwa anamtafsiria amestaafu. Babu haumwi.

Ukitaka, unaweza kumkodia mkalimani mwingine. Kuna programu ya bure iitwayo DOSBox inayotengeneza kompyuta ya zamani ndani ya kompyuta mpya, na mle ndani Clipper yako inaamka kama vile ni mwaka 1992. Kazi yake hasa ni kuendeshea michezo ya zamani, kwa hiyo kuchapisha na kushirikiana faili kati ya kompyuta tatu kunahitaji ufundi. Inakununulia muda. Mteja aliyenipigia saa mbili asubuhi huku watu wamejaa kwenye korido, hiyo ndiyo dawa ninayompa siku hiyo. Mengine tunazungumza wiki inayofuata.

Mengine yenyewe ndiyo haya ya kuweka sura mpya. Watu wengi hudhani kazi hapa ni kupaka rangi, na hata mafundi hujikwaa.

Programu ya kioo cheusi inakwenda kama treni. Ukitoka Tanga unapita Pongwe, kisha Muheza, kisha Korogwe. Huwezi kushuka Korogwe kabla ya Muheza. Programu inakuuliza namba ya mwanachama. Huendi mbele mpaka uijaze. Ikiridhika inakuuliza kiasi, halafu tarehe, halafu uthibitishe. Fundi wa zamani alijua kwa hakika kwamba ukifika kwenye kiasi, namba imeshakaguliwa, kwa sababu reli haina njia nyingine.

Programu yenye madirisha na vitufe ni baiskeli, na sisi watu wa Tanga baiskeli tunaijua. Unaingia uchochoro unaoutaka. Unaweza kuanza na kiasi, ukarudi kwenye jina, ukabonyeza "Hifadhi" kabla hujaweka namba, ukafungua dirisha la pili juu ya la kwanza na kwenda kunywa chai. Programu yenyewe haiendi popote, imekaa inasubiri kama muuza kahawa: wewe ukiita, inamimina. Kwa hiyo kila ukaguzi uliokuwa unafanywa na reli sasa lazima uandikwe upya, kwenye kila uchochoro. Anayehamisha programu ya zamani kwa kuchora vitufe juu ya mantiki ya treni anapata baiskeli inayoanguka kila kona.

Sasa tuje kwenye zana za haraka, zile za kuundia madirisha bila kuandika kila kitu kwa mkono. Zamani, kutengeneza dirisha moja tu lenye vitufe viwili kulihitaji kurasa nzima za msimbo, yaani maagizo anayoiandikia fundi kompyuta. Mwaka 1991 Microsoft ilitoa Visual Basic, na mwaka uliofuata Access. Februari 1995 kampuni ya Borland ikatoa Delphi, na mwaka huohuo FoxPro nayo ikaja kwa sura mpya, ikaitwa Visual FoxPro. Wazo lao ni la seremala anayenunua mbao zilizokwisha kurandwa. Una ubao mtupu kwenye kioo, pembeni kuna kapu lenye vitufe, masanduku ya kuandikia, orodha, meza za taarifa. Unakivuta kitufe, unakiweka, unaandika juu yake "Lipa", unachagua ukubwa. Sanduku la jina unaliambia: wewe shika safu ya jina kwenye lile faili. Kabla ya adhuhuri una fomu inayosoma taarifa halisi na mteja anaiona kwa macho yake.

Anapoiona, anadhani kazi imeisha. Hapo ndipo ugomvi wa bei unapoanzia. "Mbona jana umesema miezi mitatu na leo tayari?"

Mwaka huohuo wa 1991 James Martin, Mwingereza aliyeandika sana kuhusu kompyuta, ndiye aliyelieneza jina la utaratibu huu wa kuunda programu kwa haraka, Rapid Application Development. Haraka aliyoisema ilikuwa ya mzunguko: umwonyeshe mtumiaji kitu kibichi mapema, akikosoe, ukirekebishe, umwonyeshe tena, badala ya kuandika makabrasha mwaka mzima na kumletea kitu asichokitambua. Watu wakashika haraka, wakaacha kuonyesha na kukosoa.

Nami niliacha. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye ofisi moja ya mjini hapa ambayo sitaitaja, nilitengeneza sura mpya ya kupokelea michango. Ilikuwa nzuri, nakwambia. Rangi ya bahari, picha ya mwanachama juu kulia, kalenda inayofunguka ukitaka kuchagua tarehe. Meneja alipiga makofi. Jumatatu tukamkalisha karani, mama wa makamo aliyetumia kioo cheusi tangu binti yake mkubwa hajazaliwa.

Nikakaa nyuma yake. Mara ya kwanza nikatazama vidole. Mkono wa kulia haukuondoka kwenye namba za pembeni mwa kibodi: namba, Enter, kiasi, Enter, Enter. Macho hayakuwa kwenye kioo, yalikuwa kwenye risiti. Kwa fomu yangu, baada ya namba akabonyeza Enter, haikutokea kitu. Akanitazama. Nikamwambia, "Shika kipanya, mama, bonyeza kwenye sanduku la kiasi." Akashika. Akabonyeza. Akarudisha mkono kwenye namba. Akaandika. Akashika kipanya tena, kalenda ikafunguka, ikafunika kitufe cha kuhifadhi. Risiti iliyokuwa ikichukua pumzi moja ikachukua dakika. Watu kwenye foleni wakaanza kuguna.

"Mwanangu," akasema, bila hasira, "umenipa baiskeli ina kengele kumi. Pedali iko wapi?"

Usiku huo niliondoa kalenda, nikaifanya Enter isogeze mbele kama zamani, tarehe ya leo ijijaze yenyewe, na kipanya kiwe cha anayetaka. Picha ya mwanachama niliiacha, maana aliipenda. Kazi yote ilinichukua saa tatu. Kama ningemkalisha wiki ya kwanza, kama utaratibu wenyewe unavyotaka, nisingeguniwa.

Sura, kwa hiyo, ni kazi ya siku. Kinachokula miezi ni kile cha kati, kanuni, kwa sababu zimefichwa. Kwenye programu ya zamani zimetawanyika katikati ya maagizo ya kuchora kioo: andika JINA mstari wa tano, pokea namba, kama namba iko hivi fanya hivi, chora mstari. Wakati mwingine msimbo wenyewe umepotea, limebaki faili linaloendeshwa tu, na unabaki kusoma programu kama mganga anayepiga ramli: unaingiza hiki, unaona kinachotoka.

Niliwahi kukuta agizo linalosema wanachama ambao namba zao zinaanza na 4 wasitozwe faini ya kuchelewa mpaka tarehe 15. Wengine wote mwisho ulikuwa tarehe 5. Hakuna aliyejua sababu. Mwenyekiti akasema ni upendeleo, ufutwe. Kabla ya kufuta nikapanda basi hadi Pangani kumtafuta mhasibu aliyestaafu. Alicheka. Namba za 4 walikuwa wafanyakazi wa mwajiri mmoja aliyekuwa akileta makato ya mishahara katikati ya mwezi. Hawakuchelewa wao, ilichelewa hundi. Mwajiri bado yupo, hundi bado inachelewa. Tungefuta, watu zaidi ya mia wangetozwa faini kwa kosa la mtu mwingine, na lawama zingeangukia "mfumo mpya".

Zana za haraka zina mtego wake hapohapo. Ukibofya kitufe mara mbili, inakufungulia mahali pa kuandika nini kitokee kikibonyezwa. Rahisi mno. Basi unaandika pale: mkopo usizidi mara tatu ya akiba. Kwenye kitufe cha mkopo mpya, kisha kwenye cha kuongeza mkopo, kisha kwenye cha mdhamini. Mkutano mkuu ukishusha kuwa mara mbili, unarekebisha viwili, cha tatu unakisahau. Umetoka kwenye kioo cheusi ukaja kuzika kanuni upya, safari hii nyuma ya vitufe vya rangi. Mahali pa kanuni ni pamoja, kwenye sehemu yake ya programu au kwenye kanzidata yenyewe, na vitufe vyote viende kuuliza huko.

Turudi kwenye hisa za mzee, maana nilimwambia zimo kwenye faili na sikumwambia faili hilo lina tabia gani.

Faili la DBF si fumbo. Muundo wake unajulikana na programu nyingi za leo zinalisoma, kwa hiyo hofu kwamba taarifa zitapotea kwa sababu programu haifunguki haina msingi. Nakili faili, lisome kwa chombo kingine, zimo. Tatizo ni kwamba zimo hata zisizotakiwa kuwemo. Ukifuta mtu kwenye kanzidata hizi, hafutwi. Rekodi yake inawekewa kinyota mbele, na programu inajifanya haimwoni. Anaondoka kweli siku mtu atakapotoa amri ya kulifinyanga faili, na ofisi nyingi haziitoi miaka nenda rudi. Chombo cha kuhamishia kisipokiheshimu hicho kinyota, kinambeba kila mtu. Nimeona orodha ya gawio iliyotoka kwenye mfumo mpya ikiwa na marehemu kumi na mmoja. Mjumbe aliyeisoma kwa sauti alifika jina la tatu akanyamaza, kwa sababu ndiye aliyekuwa msimamizi wa mirathi yake.

Kuna tarehe pia. Faili linatunza mwaka kwa tarakimu nne, lakini kioo mara nyingi kiliandikwa kionyeshe mbili. Karani akiandika 05 akimaanisha 2005, Clipper isiyoelekezwa vingine inaelewa 1905. Kwenye kioo hukuona kosa, ilionyesha 05 vilevile. Ukihamisha ndipo unagundua una mwanachama aliyejiunga mwaka Vita vya Maji Maji vilipoanza, na hajawahi kukosa mchango.

Na kuna nafasi. Kila safu kwenye faili ina upana uliopangwa tangu siku ya kwanza. Fundi wa zama hizo aliweka tarakimu sita za shilingi akaona ametenda wema, milioni nani atakopa? Thamani ya shilingi ikashuka, mikopo ikapanda, kioo kikaanza kuonyesha nyota badala ya namba. Fundi hayupo. Makarani wakajiongeza: mkopo wa milioni moja na nusu wakauandika mistari miwili, mmoja wa laki tisa, mwingine wa laki sita. Ofisi nzima ilijua. Mfumo mpya haukujua, ukahesabu kwamba mwanachama ana mikopo miwili kinyume cha taratibu, ukamzuia. Hilo huwezi kulisoma kwenye faili wala kwenye msimbo. Unalipata kwa kukaa na karani na kuuliza, "Mama, hii mbona iko mara mbili?"

Uongo mwingine ninaousikia: mkihamia Windows, basi mko mtandaoni, kila mtu ataona akiba zenu. Dirisha si intaneti. Programu yenye vitufe inaweza kukaa kwenye kompyuta moja isiyo na hata waya. Hatari ya taarifa kuvuja ilikuwepo tangu zamani na ilikuwa kubwa zaidi: faili la DBF linaingia kwenye flashi kama wimbo, na yeyote anayelipata analifungua bila nenosiri. Nimeletewa orodha nzima za wanachama, majina, simu na madeni, kwenye flashi iliyokuwa na muziki wa harusi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, haijali kama taarifa ilivuja kupitia seva au mfukoni mwa suruali.

Lililo kweli ni kwamba mahali pa kuweka kanzidata panabadilika, au panapaswa kubadilika. Mtindo wa zamani ni duka lisilo na kaunta. Faili limewekwa kwenye kompyuta moja, na nyingine zote zinaingia ndani kuchukua zenyewe. Kila mmoja anafungua magunia. Umeme ukikatika wakati mmoja ameshika gunia, unga unamwagika, na asubuhi unaanza na kujenga upya faharasa zote, zile orodha za kutafutia, kabla hujampokea mtu wa kwanza. Mtindo wa seva, yaani programu moja inayoshika kanzidata na kuwagawia wengine, kama PostgreSQL au MySQL, ni duka la Mpemba. Wewe huingii. Unasimama kaunta, unasema unataka nini, analeta hicho tu. Umeme ukikatika kabla hajakukabidhi, biashara haikufanyika, gunia liko salama. Ninavyoona mimi, kwa ofisi yenye kompyuta zaidi ya mbili, kaunta hii ni ya maana kuliko madirisha yote ya rangi ya bahari, ila hakuna meneja anayepigia makofi kitu asichokiona.

Basi mtu afanye lipi? Inategemea una nini mkononi. Kama msimbo wa Clipper upo, kuna Harbour, chombo cha bure kinachoelewa lugha ileile na kutoa programu ya kompyuta za leo. Unaweza kuwa na kioo cheusi chako kikiendeshwa kwenye Windows 11 bila mkalimani, kisha ukaongeza madirisha polepole, fomu moja moja. Watu wanaidharau njia hii kwa sababu haina sherehe. Mimi ndiyo naianza. Kama msimbo haupo lakini faili lipo, hamisha taarifa kwenye seva kwanza, safisha vinyota na miaka ya Maji Maji, halafu jenga sura juu yake kwa Lazarus, zana ya bure inayofanana na Delphi, au chombo kingine unachokiweza. Kuandika kila kitu upya kwa mkupuo, na kuzima cha zamani Ijumaa ili kipya kiamke Jumatatu, nimeona kukijaribiwa. Jumatatu ile nilikuwepo.

Na mtazame mnachouziwa. Visual Basic 6 ilitoka 1998, Microsoft iliacha kuihudumia miaka mingi iliyopita. Visual FoxPro nayo ilifikia tamati, msaada wake ukaisha 2015. Bado kuna watu wanawauzia ofisi programu zilizoundwa kwa hizo na kuziita za kisasa kwa kuwa zina vitufe. Kuuliza "imetengenezwa kwa kitu gani, na kitu hicho bado kina mwenyewe?" si ukorofi.

Kile chama cha namba za 4 tuliendesha chombo cha zamani na kipya, vyote viwili pamoja, kwa miezi miwili. Karani alipokea kwenye kipya, jioni msaidizi akaingiza risiti zilezile kwenye cha zamani, tukalinganisha jumla. Siku ya kwanza tofauti ilikuwa kubwa. Wiki ya tatu ilibaki shilingi hamsini, na shilingi hamsini hiyo ilitutesa siku nne kuliko zile laki za mwanzo. Ilikuwa riba inayokatwa kwa kuzungushwa hadi namba kamili: cha zamani kilizungusha kila mwanachama peke yake, changu kilizungusha jumla. Cha zamani kilikuwa sahihi. Nikakifuata.

Mzee wa kashata, naye mwanachama wao, alikuja dirishani siku tuliyozima printa ya zamani, ile ya utepe inayokereza kama mashine ya kusaga. Alipewa risiti mpya kutoka kwenye printa ndogo isiyo na sauti. Akaigeuza, akaisoma jumla ya hisa zake mara mbili, kisha akamtazama karani.

"Ya kwangu imepiga kweli? Mbona sikusikia?"

Karani akamfunulia kompyuta ya zamani chini ya meza, imefunikwa kanga, taa yake ya kijani inawaka. Akamtolea salio kutoka huko. Mzee akaweka karatasi mbili pamoja, akafuata tarakimu kwa kidole moja baada ya nyingine, akazikunja zote akatia mfuko wa kanzu.